Utingo wa Kitandani

Watu wa Dar es Salaam wakisikia kwamba mume na mke wa Njombe wamelala kitanda kimoja tangu siku ya ndoa mpaka uzeeni, hudhani ni mapenzi tu. Mapenzi yapo, hatukatai, lakini mwezi wa saba ukifika na umande ukaganda juu ya majani ya viazi, hata waliogombana mchana kutwa hupatana kabla taa haijazimwa. Ndivyo Esnath alivyolelewa, ndivyo alivyoolewa, na ndivyo alivyokusudia kuzeeka: upande wa ukutani, nyayo zake za baridi zikiwa zimeegemea mashavu ya miguu ya Hezekia, mumewe.

Hezekia alikuwa dereva wa lori. Alibeba mbao na viazi enzi ambazo barabara ya Ludewa ilikuwa udongo mtupu, kona juu ya kona, na mvua ikinyesha dereva alisali kwanza ndipo akaweka gia. Alistaafu bila kumwangusha mtu. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka wenyewe, hatua zikawa fupi, na uso ukakaza kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Daktari wa Ilembula akasema ni ugonjwa wa Parkinson, hauna dawa ya kuumaliza ila ipo ya kuutuliza. Vidonge vikasaidia. Mzee akaweza tena kushika kikombe, ingawa kufunga vifungo vya shati kulimchukua muda ambao mwenzake angesonga ugali na kuupakua.

Hayo yalikuwa ya mchana. Usiku, Hezekia alirudi kazini.

Huyo huyo aliyehitaji kusukumwa ili ageuke kitandani, akishapitiwa na usingizi alikuwa kijana mwenye nguvu zake. Mkono wa kushoto ulitafuta gia na kulipata goti la Esnath. Breki ilikuwa kwenye muundi wa Esnath, na njia ya ndotoni, sijui kwa nini, haikuwa na tambarare hata kidogo; ilikuwa mteremko kutoka shuka hadi mto. Halafu zilianza kelele za kumwita Clemens. Clemens alikuwa utingo wake wa zamani, kijana wa kuruka chini lori likielemewa na kuweka gogo nyuma ya tairi lisirudi bondeni. Sasa ni babu wa watu, analima mahindi kule Mchuchuma huku akisubiri mgodi wa makaa ya mawe ulioahidiwa tangu ana meno yote. Hana habari kwamba bado yuko kazini.

Mwanzoni Esnath alimtikisa mumewe, akamwita, akamwombea. Haikufaa kitu. Siku moja, mguu ukimuuma na subira imemwishia, Hezekia aliponguruma kwamba Clemens aweke gogo, Esnath akajibu kwa hasira, "Nimeweka, bosi." Mzee akashusha pumzi ndefu. Mguu ukaachia breki, mkono ukaachia goti, akalala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Tangu hapo Esnath, mama wa kanisa, mwimba sauti ya pili, akawa utingo. Kazi aliijua upesi. Alijua kusema rudi, rudi, bado kidogo. Alijua kumwambia kwamba askari wa geti la maliasili ameshakagua mbao na ameridhika. Akiwa amechoka sana alimtangazia kwamba wamefika Makambako, azime injini wakale, na mzee alilala mpaka jogoo.

Shida ilikuwa zile siku ambazo usingizi wa Esnath mwenyewe ulikuwa mzito na utingo akachelewa kuruka. Hizo ndizo siku alizoamka na alama.

Jicho lilipovimba alisema amejigonga kwenye kabati. Mkono ulipopata bonge la bluu alisema ni ng'ombe. Mdomo ulipopasuka, ng'ombe alikuwa ameshauzwa, ikabidi kabati lirudi kazini. Jirani yao Hilda, aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa usharika na mwenye macho ya kuhesabu nywele za mtu kichwani, alisikiliza kwa upole na kuondoka akiwa ameshakata shauri. Huku kwetu kabati likimpiga mtu mara mbili, mume wake huitwa kwenye kikao.

Esnath angeweza kusema ukweli, akapona maneno. Hakusema kwa sababu mbili. Ya kwanza, Hezekia hakuwahi kumwinulia mkono maisha yake yote, na hilo ndilo jambo pekee alilojivunia. Kila harusi akipewa nafasi ya kumwasa bwana arusi, alilirudia. Kumwambia kwamba sasa anampiga kila wiki kungemmaliza kabla ya ugonjwa. Ya pili, alijua fika kwamba mtu yeyote atakayeelezwa atakuwa na ushauri mmoja tu: watenganisheni. Naye Esnath hakutaka kutenganishwa. Alitaka kulala na mumewe, basi, kama mke mwingine yeyote.

Hata daktari hakumwambia. Kila walipokwenda Ilembula, daktari aliuliza usiku wanalalaje, na Esnath alijibu, "Salama, tunamshukuru Mungu." Haukuwa uongo. Ilikuwa adabu. Mtu mzima akiulizwa alivyolala hujibu kwamba ni salama, hata kama nyumba iliungua alfajiri, na mengine hufuata baadaye. Tatizo ni kwamba daktari hakuungoja huo mwendelezo. Aliandika na kupindua karatasi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Esnath, Hilda alikitangulia kifo. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, wazee wa kanisa waliingia sebuleni wakiongozwa na Mzee Ebeneza, mwenyekiti wa baraza lao, mtu mfupi mwenye koti refu, na nyuma yao Hilda. Nyuma ya Hilda, la haula, akaingia Anneth, binti yao mkubwa, aliyepigiwa simu na kupanda gari la kwanza kutoka Makambako, anakouza vifaa vya ujenzi. Alimwamkia baba yake shikamoo bila kumtazama.

Hezekia alifurahi kupata wageni. Alidhani wamekuja kumjulia hali. Akakaribisha chai, akakaa kwenye kiti chake, na Mzee Ebeneza akaketi kushoto kwake ili awe karibu na mtuhumiwa. Habari zilikuwa nzito: ikithibitika kwamba anampiga mke, atatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu. Lakini neno zito halianzi bila sala, na sala ya Mzee Ebeneza huanzia uumbaji. Ilikuwa bado haijamfikia Nuhu, Hezekia akapitiwa na usingizi. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo, humwibia mtu usingizi wa usiku na kumlipa mchana mahali pasipofaa. Hilda, aliyekuwa akisali kwa jicho moja, aliona na kutikisa kichwa kwa masikitiko.

Sala ilipofika gharika, mkono wa kushoto wa Hezekia uliinuka, ukatafuta, ukatua juu ya goti la Mzee Ebeneza. Mzee Ebeneza akadhani ni toba. Akaushika ule mkono kwa upendo wa Kikristo. Mkono ukalikamata goti, ukalivuta kulia, ukalisukuma mbele, na mwenyekiti wa baraza akaingizwa gia ya pili. Papo hapo mguu ukakanyaga breki. Breki ilikuwa meza. Chupa ya chai ikaruka, vikombe vikafuata, viazi vya kuchemsha vikasambaa mpaka chini ya viti, na chai yenyewe ikaishia kwenye kitenge cha sare cha Hilda.

"Clemens!" Hezekia alinguruma. "Breki hazishiki! Weka gogo!"

Wazee wakasimama. Mmoja alianza kukemea pepo. Esnath hakusimama. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, na akasema kwa sauti tulivu ya mtu aliye zamu:

"Nimeweka, bosi. Gari limesimama. Zima injini."

Hezekia akashusha pumzi. Mkono ukaacha goti, ukapapasa koti la Mzee Ebeneza, ukakipata kifungo cha katikati na kukizungusha kama funguo. Kisha akatulia. Mzee Ebeneza, kifungo kikining'inia kwa uzi mmoja, alikuwa bado hajasema amina. Aliyeisema ni Hezekia, baada ya kufumbua macho na kuwaona watu wamesimama.

Hilda, huku akijikung'uta chai, akauliza Clemens ni nani.

"Ni mimi," Esnath alisema.

Ikabidi aeleze. Alieleza yote, kabati na ng'ombe, gia na breki, akitazama sakafu. Wazee, ambao ni waume za watu, walikaa chini mmoja mmoja na kuanza kuokota viazi ili wapate pa kuangalia. Mzee Ebeneza alisema kwamba kwa upande wa baraza shauri limekwisha, na akasugua goti lake. Kesi ikafutwa. Esnath angepaswa kufurahi, lakini alikuwa akimwangalia mumewe.

Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya Hezekia uso wake. Furaha na huzuni zote zilivaa sura moja. Ila mkono haukujua kuficha. Ulitetemeka mpaka kijiko kikawa kinalia kwenye kisahani.

"Lile jicho," aliuliza. "Nilikuwa mimi?"

"Lilikuwa lori, Baba Anneth."

"Na nani alikuwa anaendesha?"

Mzee aliinuka kwa taabu, akakataa kushikwa mkono, na kabla jua halijazama alikuwa amehamishia mto na blanketi lake kwenye chumba cha mbegu za viazi. Alisema mwanaume anayempiga mke hana haki ya joto lake. Anneth alikubaliana naye, kwa sababu yake mwenyewe. Akaanza kupanga mambo kama anavyopanga mabati dukani: mama atakwenda Makambako, chumba kipo na pazia jipya limeshatundikwa, na Steven, kitinda mimba wao, atakuja kulala na baba. Steven ni kijana mwema. Ila akilala, unaweza kumbeba na kitanda chake ukamuuza mnadani, akashtukia bei.

Steven alikuja siku hiyo hiyo. Esnath akalala peke yake, na baridi ikaingia kutoka upande ambao siku zote ulikuwa na mtu. Kupitia ukutani alisikia lori likipanda, likigeuka, likianza kushuka. Akasikia Clemens akiitwa. Akangoja. Clemens akaitwa tena, na Steven akajibu kwa kukoroma. Kisha kikasikika kishindo.

Alimkuta Hezekia sakafuni katikati ya magunia ya mbegu, paji la uso limechanika, macho wazi.

"Limeanguka, Mama Anneth," alisema polepole. "Nilimwita, hakuwepo."

Esnath alimfuta damu kwa upindo wa kanga, naye mzee akalia, bila kujificha. Steven aliamka asubuhi akauliza kama wote wamelala salama.

Jumatatu Anneth alikodi gari wakaenda Ilembula. Daktari, kama kawaida, aliuliza wanalalaje. Safari hii Esnath aliamua kusema kweli. Lilikuwa jambo gumu kuliko kutukana mbele ya mchungaji.

"Vibaya, daktari," alisema. "Tunalala vibaya sana."

Daktari akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema mtu mzima wa afya akiota, ubongo humfunga mwili wake kamba, kama ng'ombe anavyofungwa usiku ili asiingie shambani. Parkinson hulegeza ile kamba, wakati mwingine hata kabla mikono haijaanza kutetemeka. Si pepo, si hasira iliyofichwa, na wala si tabia. Alibadilisha saa za vidonge, akaongeza dawa ya kumezwa wakati wa kulala, akaagiza kitanda kiwe kifupi kwenda juu, kando yake kuwe na godoro la kumpokea, na vyenye ncha viondoke chumbani. Kisha akasema kwamba mpaka dawa ikolee, mama asilale mahali ambapo mikono na miguu ya mzee inafika. Hapo Anneth alimwangalia mama yake kwa jicho la aliyeshinda kesi. Daktari aliongeza kwamba kumjibu kwa utulivu, bila kumtikisa, ni jambo jema, lakini Anneth alikuwa ameshasimama kutafuta funguo.

Walipofika Makambako, Anneth aliwashusha wazazi wake mbele ya duka lake, akawaambia wapumzike wakati anahudumia wateja; jioni mama atakwenda nyumbani kwenye chumba chake na baba atarudishwa Njombe. Esnath aliitikia vizuri. Binti alipogeuka, alimshika mumewe mkono, wakavuka barabara, wakatembea hatua fupi fupi, upepo wa Makambako ukiwavuta nguo, mpaka karakana ya fundi Silvesta, ambako mashine ya kuranda ilikuwa ikilia na vitanda vimepangwa nje kama vinaanikwa.

Esnath alitaka vitanda viwili, vifupi kwenda juu, vya futi tatu. Fundi akauliza wajukuu wana umri gani. Aliambiwa ni vya wao wenyewe, akapunguza kutabasamu na kuchukua futi yake. Shida ilikuwa nafasi ya katikati. Esnath alimlaza Hezekia juu ya mbao zilizorandwa, akamwambia akanyage breki kwa nguvu zake zote. Mzee akakanyaga, fundi akaweka alama ya chaki pale mguu ulipofika. Esnath akalala chali ng'ambo ya chaki, juu ya mbao nyingine, akanyoosha mkono kumtafuta mumewe. Haukufika. Akajivuta kidogo, akanyoosha tena mpaka bega likalia. Haukufika. Wateja wawili waliokuja kuulizia milango wakasimama kutazama.

"Mama Anneth, niache," Hezekia alisema akiwa bado amelala, akitazama bati. "Nenda kwa mtoto. Nitazoea."

"Hukuwahi kwenda Ludewa bila utingo hata siku moja," Esnath alisema. "Usiniambie utazoea leo."

"Nitakuumiza."

"Ndiyo maana tunapima."

Fundi Silvesta, kwa kuona huruma, alisema kwamba na ile baridi ya Njombe, vitanda viwili si mchezo. Esnath akamjibu kwamba baridi ina blanketi, lakini kuita usiku usiitikiwe hakuna blanketi lake. Alikuwa amekasirika sasa, na hasira zikamfungua akili. Miguu ya dereva iko mbele. Usukani uko mbele. Hakuna dereva aliyewahi kukanyaga breki kwa kisogo. Akainuka, akamwagiza fundi azungushe zile mbao zake, ziwe kwenye mstari mmoja na za mzee, kichwa kwa kichwa.

"Miguu yake ielekee Iringa," alisema, "yangu ielekee Songea. Vichwa vikutane hapa Makambako."

Akalala tena. Akapeleka mkono juu, nyuma ya kichwa chake, na mara moja kiganja kikatua kwenye upara wa Hezekia. Ulikuwa wa joto. Mzee alimuuliza kama mbao si ngumu, na Esnath akasema si ngumu.

Fundi alikwenda kuandika vipimo. Aliporudi, Hezekia alikuwa amesinzia, jambo ambalo halikumshangaza mtu. La ajabu ni kwamba Esnath naye alikuwa amelala, mdomo wazi, maranda kwenye kitambaa cha kichwa, huku mashine ikinguruma hatua chache kutoka sikioni. Alikuwa na usingizi wa miezi mingi. Fundi akasimama na futi yake shingoni, hajui awaamshe au aendelee na milango.

Anneth aliwakuta hivyo, baada ya kuwatafuta stendi na sokoni. Alikuja akihema na maneno yote tayari mdomoni. Kabla hajayatoa, mguu wa baba yake uliruka ukakanyaga kwa nguvu, upande wa Iringa, ambako hapakuwa na mtu. Midomo ya mzee ilianza kutafuta jina. Mama yake, bila kufumbua macho, alipapasa ule upara mara mbili.

"Gogo liko tayari, bosi," alisema.

Baba akatulia. Mama hakuwa ameamka hata kidogo. Anneth akamsogelea fundi na kumuuliza, kwa sauti ya chini, vitanda vya wazazi wake vitakuwa tayari lini.